Wapangaji wa Birika la Bibi

Enzi zetu samaki alikuwa na kazi. Msinicheke, ninyi mliozaliwa mkakuta mfereji jikoni na friji sebuleni. Leo samaki kazi yake ni moja, kuliwa, au kama ana bahati, kupigwa picha na kijana aliyemshika vibaya. Sisi wa Mji wa Kale, tuliolelewa katika nyumba za mawe zenye ua katikati, tulikuwa na samaki walioajiriwa. Walikaa ndani ya birika. Si birika la chai. Nasema lile tangi la mawe na chokaa lililojengwa uani, linalokinga maji ya mvua kutoka kwenye mlizamu wa paa. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi kabla havijawa mbu. Hawakulipwa, hawakuomba likizo, na sijapata kusikia kwamba walitaka kupandishwa cheo.

Birika la Bibi yangu lilikuwa refu kupita kimo changu na baridi hata mwezi wa Februari. Ukingo wake ulikuwa umelainika kwa mikono ya watu waliokufa zamani. Hapo tulicheza mdako tukitoka chuo cha Kurani, hapo tulikula viazi karai na achari hadi midomo ikawaka, na hapo Bibi alitia udhu kwa kata ya kifuu iliyokuwa na mpini mrefu. Maji yalinuka chokaa na mvua. Ukiinama ukaita jina lako, lilikurudia likiwa na sauti ya mtu mzima, na Bibi akapiga kelele kutoka jikoni, "Wewe Mwanamisi! Utawatia samaki wangu wazimu!"

Mimi nilikuwa mtoto wa kuhesabu. Nikitumwa mahamri, nayahesabu kwa muuzaji, nayahesabu tena mlangoni kwetu. La nyongeza nililolipigania kwa maneno yangu lilikuwa haki yangu, nami nililila njiani. Basi samaki wa Bibi nao niliwahesabu, na walinitesa. Napata tisa, nikirudia napata kumi na moja. Siku moja nililia kwa hasira. Bibi akanifuta machozi kwa ncha ya leso yake, akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Ukiwahesabu mara mbili ukapata sawa, mwanangu, hapo ndipo ulie. Ujue wamekufa."

Na siku ilifika wakafa. Shangazi yetu wa Ganjoni alikuja kukaa kwetu kwa muda. Alikuwa mwanamke mwema, msafi kupindukia, aliyeishi gorofani kwenye mfereji na choo cha kuvuta. Asubuhi moja Bibi alipokwenda mazikoni, Shangazi akaamua kumfanyia hisani. Alisugua ua wote, kisha akamimina birikani chupa nzima ya dawa ya kung'arishia nguo, ili maji yawe meupe. Yakawa meupe kweli. Aliporudi Bibi, samaki walikuwa wakielea juu, matumbo yakitazama mbingu. Niliwahesabu. Kumi na mbili. Nikahesabu tena. Kumi na mbili.

Bibi hakumgombeza. Alisema tu, "Ahsante, mwanangu, umechoka, kapumzike." Ndani ya nyumba yetu, hilo lilikuwa tusi zito.

Tuliyakomba maji yale, tukapiga ukuta brashi, mvua ikajaza tena. Lakini birika bila samaki ni hoteli ya mbu. Usiku tukaanza kuumwa hadi tukalala na leso usoni. Kisha akaja bwana afya, mtu wa makamo mwenye tochi na viatu vizito, akipita nyumba kwa nyumba. Alichota maji kwa kata ya Bibi, akayamulika, na ndani yake viluwiluwi vilikuwa vikicheza ngoma.

"Mama yangu," alisema kwa heshima, "watu wanaugua homa mtaa huu mzima. Sina budi. Nitarudi Ijumaa ijayo na fundi na simiti. Tutalijaza kifusi tulizibe. Utawekewa pipa."

"Pipa?" Bibi aliuliza, kama aliyeambiwa ataolewa tena.

Jioni ile alikaa ukingoni na kikombe chake cha kahawa, kahawa ikapoa bila kunyweka. Alizaliwa katika nyumba ile. Mamake aliogeshwa hapo siku ya harusi yake. Mimi nilikaa karibu naye nikihesabu siku zilizobaki, na kwa mara ya kwanza hesabu ikatoka sawasawa bila kunifurahisha.

Mtaniuliza, si mngeomba samaki kwa jirani? Majirani wengi walikwisha kuvuta mfereji, wakalifanya birika stoo ya baiskeli. Wa msikitini walikuwako, wanene, lakini wale walikuwa wakfu. Samaki wa wakfu haombwi wala hakopeshwi. Athumani, mtoto wa mjomba wangu, akasema yeye atakwenda Mbaraki kuvua. Athumani alikuwa amenizidi miaka mitatu na maneno elfu tatu. Kila Jumamosi alikuwa kwenye ukuta wa bahari kule na mshipi wake uliozungushwa kwenye kopo, na akirudi na changu mmoja tulisikia habari za yule changu wiki nzima.

"Samaki wa bahari atakaa saa ngapi kwenye maji matamu, wewe?" Bibi alimwuliza.

Athumani akafikiri. "Nusu saa?"

"Basi kaa kimya."

Mwenye kahawa wa pembeni ndiye aliyetuambia habari za bwawa la Mama Kadzo, juu huko upande wa Mazeras. Lilichimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe, likajaa perege, na mwenyewe akawa anawafungulia wageni wa mjini siku za Jumamosi: uje na mshipi wako, utoe kiingilio, uvue kivulini hadi jua lipungue. Bibi akatupa nauli, ndoo yenye kifuniko, na mkate wa kumimina. Basi likatuchukua asubuhi, likavuka bahari pale Makupa, na tulipopita Kibarani, penye jaa la taka, abiria wote wakaziba pua kwa pamoja kama waliofundishwa. Mimi na Athumani tulishindana nani atabana pumzi hadi ng'ambo. Nilishinda, maana yeye hakuweza kukaa bila kusema kwamba anashinda.

Bwawa lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, kahawia kama chai ya maziwa, likizungukwa na nyasi na mavi ya ng'ombe. Kwetu sisi wa kisiwani maji yote yaendako huenda mbali. Haya yalikuwa yamekaa tu, hayana pa kwenda. Wageni walikuwa wachache. Mmoja namkumbuka vizuri, Bwana Fida, muuza misumari na makomeo wa mjini, Muhindi mnene mpole aliyekaa kwenye kiti cha kukunja, mwavuli juu, chupa ya chai pembeni. Alikuwa akivuta perege mkubwa mwekundu kifuani, anamtoa ndoana taratibu, anamrudisha majini. Kisha anatia chambo tena.

"Mbona amwachia?" Athumani alininong'oneza kwa sauti ya kusikika bwawa zima. "Ana kasoro gani yule samaki?"

"Samaki hana kasoro," nilimjibu. "Labda mwenyewe."

Athumani akafungua mshipi wake wa Mbaraki: chubwi zito la kuzamishia ndoana, kubwa kama embe dogo, ndoana ya kuvulia samaki wakubwa kama kole, na chambo cha duvi walionuka tangu jana. Akauzungusha juu ya kichwa kama afanyavyo kule ukutani, akatupa. Chubwi likatua katikati ya bwawa kwa kishindo, ng'ombe wakainua vichwa, na boya la Bwana Fida likaruka kama lililosikia habari mbaya.

Mama Kadzo akatokea mbio akijifunga leso kiunoni. "Ninyi watoto! Mwawinda kiboko? Samaki wangu watapata mshtuko!"

Alitukatia fito, akatupa ndoana ndogo na bonge la ugali baridi, na baada ya muda mfupi tukaanza kuvuta perege wadogo, wa urefu wa kidole, wakimeta kama sarafu mpya. Nilikuwa nawatia ndooni na furaha tele. Ndipo Mama Kadzo akaja akainama, akaweka kiganja chake juu ya maji ya ndoo, akapima.

"Hawa wote warudi. Asiyefika kiganja changu hatoki hapa. Wakubwa chukueni, hiyo ndiyo haki yenu."

"Mama, sisi wakubwa hatuwataki. Twataka hawa."

"Wa nini? Hata paka hashibi."

"Wakafanye kazi," nikasema. Nikamweleza yote: birika, Shangazi, dawa, bwana afya, simiti. Alisikiliza hadi mwisho, akapiga ulimi.

"Pole yake Bibi. Lakini hawa ndio bwawa langu la mwakani, mwanangu. Nikiruhusu kila mwenye bibi achukue wadogo, nitabaki na matope."

Hapo nikajua ninazungumza na mwenzangu. Anayekataa kwa sababu, huwa anaweza kukubali kwa sababu.

"Basi tubadilishane," nikasema. "Tukutilie wakubwa kapuni mwako, utupe wadogo."

"Wakubwa wawili kwa mdogo mmoja."

"Mama! Mdogo huyu hata mapezi hajamaliza kuota. Mkubwa mmoja kwa wadogo watatu."

"Lo! Wewe umezaliwa dukani?"

"Nyuma ya duka."

Akacheka mpaka akashika mbavu, na tukakatiana mkubwa mmoja kwa wadogo wawili. Mapatano mazuri sana, ila kwa jambo moja. Wakubwa hatukuwa nao. Kila tulichovuta kilikuwa cha kidole. Jua likapanda, likaegemea, na kapu la Mama Kadzo halikuwa na hata mmoja wa kwetu. Niliitazama ile ndoo nikaiona simiti.

Ndipo nikamwona Bwana Fida akimrudisha mwingine, mnene, kiganja na nusu.

Nikamwendea. "Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, binti."

"Hao unaowarudisha, wakuudhi nini?"

"Hawaniudhi. Mimi nakuja kupumzika. Wiki nzima naulizwa bei ya misumari. Samaki haniulizi kitu."

"Basi usiwarudishe bwawani bure. Tupe sisi." Nikamweleza shida yetu tangu mwanzo.

Alitafuna ncha ya masharubu yake. "Huwa siwachukui," alisema. "Lakini bibi ni bibi. Nitawapa. Kwa sharti." Akanyoosha kidole kumwelekea Athumani, ambaye wakati huo alikuwa akimsimulia mchunga ng'ombe habari za changu wa Mbaraki. "Yule anyamaze hadi alasiri."

Nimefanya biashara maisha yangu yote tangu hapo, nimeuza vitambaa kwa mabibi harusi na mama zao wakiwa wamesimama pamoja, na bado sijapata mapatano magumu kama yale. Athumani alikubali kwa kutikisa kichwa. Akakaa chini ya mti wa mwarobaini amejiziba mdomo kwa mikono miwili, uso ukivimba kama bunju. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili nilimwinulia mkate wa kumimina, akaufunga. Na Bwana Fida, kwa utulivu ule, akavua. Mmoja. Wawili. Ilipoadhiniwa alasiri huko mbali, kapu la Mama Kadzo lilikuwa na watano wakubwa, na ndoo yetu kumi wadogo waliozungukazunguka hata nikabishana na Mama Kadzo juu ya hesabu: yeye apata kumi na mbili, mimi napata nane, tukakubaliana kumi kwa uchovu. Bwana Fida akakunja kiti chake. "Msalimie Bibi," alisema, kisha akamgeukia Athumani. "Nawe waweza kusema sasa."

Hilo lilikuwa kosa lake. Athumani alisema hadi kituo cha basi, akasema ndani ya basi, na sauti yake ndiyo iliyonipa usingizi. Nilifumba macho Mazeras, nikafumbua Makupa. Basi lilikuwa limesimama, gurudumu limepasuka, abiria wameshuka. Ndoo ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

"Maji yalimwagika kwa ile mitikisiko ya barabara," Athumani alisema kwa fahari. "Nimeongeza. Nimeteremka mwenyewe pale chini."

Pale chini palikuwa bahari.

Mnaona, sisi watu wa kisiwani samaki akizimia tunamtilia maji ya bahari. Ndivyo tulivyozaliwa tukaona. Athumani alijua samaki wa bahari hafai birikani. Hakuna aliyewahi kumwambia kinyume chake.

Nikafunua kifuniko nikahesabu. Kumi. Nikahesabu tena, polepole, nikiomba nikosee. Kumi.

Walikuwa wamelala ubavu, midomo ikifunguka na kufungika. Nikapiga kelele nikayamwaga maji, nikabakiza kidogo tu cha kuwafunika. Athumani akaanza kulia, kimya kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana sikuwahi kumwona akiwa kimya bila kulazimishwa.

Kando ya barabara alikuwa akipita mwuza maji na mkokoteni wake wa mitungi. Sisi hatukuwa na kitu mkononi ila samaki. Wanne walikuwa wamekwisha kukata roho.

"Kaka! Maji matamu mtungi mmoja, kwa samaki wanne."

Akachungulia. "Hawa wa matope? Na wamekufa."

"Wamekufa sasa hivi, mimi ni shahidi. Utapata wapi samaki unayejua saa aliyokufa?"

"Hata kikaango hawajazi."

"Wewe una mke mmoja, kikaango chako kidogo."

"Na hao sita?"

"Hao wamelala. Hawauzwi. Kaka, ni wa Bibi."

Sijui kilichomgusa ni hoja gani. Alifungua mtungi, akatumiminia taratibu. Tunatia, tunamwaga, tunatia tena, hadi mchanganyiko ule wa chumvi ukaisha. Nikadai nyongeza, akanipa nyongeza huku akitukana kidogo. Wanne wale aliwafunga kwenye gazeti. Kisha mmoja ndooni akajipindua, akasimama wima, akapiga mkia. Mwingine. Tulipoingia mlangoni kwetu magharibi ikiadhiniwa, Bibi alikuwa amesimama uani na taa.

"Wangapi?" aliuliza.

Niliinamia ndoo. "Watano. La. Saba."

Wanne wametoka katika kumi. Walikuwa sita, nilijua. Lakini sikuweza kuwapata sita. Bibi akacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu siku ya ile dawa, akawamimina birikani mmoja mmoja kwa kata, akiwaambia, "Karibuni, karibuni, nyumba ni yenu, kodi mwaijua."

Ijumaa bwana afya alikuja na fundi, na fundi na mfuko wa simiti begani. Sisi watoto tulijipanga ukutani kama tunaosubiri kuchomwa sindano. Akachota kwa kata. Akamulika. Akachota tena upande wa pili, akamulika muda mrefu hadi nikabana pumzi kuliko nilivyobana Kibarani. Maji yalikuwa matupu kama kioo. Kisha, wakiufuata mwanga wa tochi, wakapanda juu perege wetu, wanene kiasi, wakitazama kama watu walioitwa mlangoni wakati wa chakula.

"Hawa ni nani?" aliuliza.

"Wapangaji," Bibi alimjibu. "Keti unywe kahawa."

Alikunywa vikombe vitatu. Alipoinuka, Bibi akaugusa ule mfuko kwa ncha ya bakora. "Umeubeba kutoka mbali, mwanangu, na kurudi nao ni kumchosha fundi. Ukingo wangu una ufa pale." Fundi akamtazama bwana afya, bwana afya akatazama mbingu. Ufa ukazibwa. Nikaelewa nimerithi kwa nani.

Siku hizi mabwawa ya kuvulia yamekuwa mambo. Kuna lango, kuna chipsi, kuna vijana wa kukukodisha fimbo za kisasa zenye gurudumu. Mpwa wangu alikwenda na wenzake majuzi, akavua perege mkubwa, akambusu, akampiga picha, akamwachia.

"Ulipata nini?" nilimwuliza.

"Watu mia mbili wameipenda, Shangazi."

"Na katika hao mia mbili, nani ala viluwiluwi?"

Yeye alikuwa akijipaka dawa ya mbu. Bwana Fida aliachia samaki ili asikie ukimya. Hawa wanaachia ili wapate kelele. Lakini simlaumu. Amekulia kwenye tangi jeusi la plastiki juu ya paa, maji yanashuka yakiwa moto kama ya chai, hayajui chokaa wala hayarudishi jina lako ukiyaita. Mabirika ya mtaani yamezibwa moja baada ya jingine, wala hakuhitajika bwana afya. Wenyewe walinunua simiti. Mifereji ikikauka, wenye matangi huja kwangu na ndoo, na mimi huwauzia kwa salamu tu, ila lazima iwe salamu ndefu.

Maana langu lipo. Bibi alikwenda zamani, Mungu amrehemu, na ukingo una kiraka chake cha simiti cha rangi tofauti. Athumani yuko Maskati, mzee mwenye mvi na maneno yale yale, na kila Ijumaa hupiga simu. Hasemi hujambo. Huuliza, "Wangapi?"

Juzi nilikwenda nikainama na simu sikioni. "Kumi na tisa," nikamwambia.

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. "Kumi na sita. La, ngoja. Ishirini na mbili."



"Alhamdulillahi," akasema.